Mshipa wa Mguu Usipelekwe Mkononi

Lubumbashi, Juni 1997

Mheshimiwa Docteur Chola,

Salamu nyingi kwako na kwa mkono wako wa kulia, ambao hata nikiwa na hasira siwezi kuutukana, maana uliniokoa na aibu moja kabla ya kuniingiza katika nyingine. Mimi ni Faustin Musonda, mwalimu wa darasa la nne, yule uliyemkata mshipa wa jasho kifuani mwezi Februari ili mikono yake iache kutiririka. Umeniandikia kwamba unaweza kuuunganisha tena kwa operesheni ya pili. Nakujibu kwa heshima zote kwamba sitaki, na sababu zangu ni hizi.

1. Nilikuja kwako kwa ajili ya makofi. Kwetu, anayeposa hupiga magoti mbele ya baba wa msichana, anakunja viganja na kupiga makofi ya heshima. Yangu yalikuwa na maji, yakatoa sauti ya samaki mbichi akiangushwa sakafuni. Mzee Kalaba, baba yake Émerance, mstaafu wa reli, alidhani namdhihaki, akaniambia nirudi siku nitakayokuwa na adabu. Ukanikata, nikakauka. Nilirudi Aprili, wiki ileile mji ulipokuwa ukisubiri vita iingie. Nikapiga magoti, nikapiga makofi makavu, makubwa, kwa moyo wote. Ukoo mzima ukadhani ni risasi, ukalala chini. Shangazi aliingia chini ya meza na sahani yake ya bukari, ule ugali wetu. Mzee Kalaba aliruka dirishani, akakimbia hadi shambani kwake kule Annexe, akalala katikati ya mihogo. Mpaka leo hakuna anayetaka kusikia habari za posa.

2. Jasho halikuisha, Docteur. Lilihama tu, kama watu wengi mwaka huu. Sasa linanitoka mgongoni na tumboni. Kwenye kizuizi cha barabara ya Luano askari mpya aliuliza mbona mikono yangu mikavu ilhali ya wenzangu wote inalowa kwa hofu. Akaamua mimi ni askari wa jeshi la zamani niliyevua sare. Aliponigeuza akauona mgongo, akaamua tena kwamba nimevuka mto nikikimbia. Alinikalisha juani nimweleze habari za mishipa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kulowa.

3. Unasema utachukua kipande cha mshipa wa mguu, ukishone kifuani. Nani amekifundisha kazi hiyo? Hicho kimezoea kutembea. Nikishika chaki na mkono ukaelekea sokoni, nitawaambia nini watoto? Tumeona matokeo ya kuhamisha watu kazi ovyo. Jirani yangu, golikipa wa timu ya mtaa, sasa ni afisa wa mpaka kule Mokambo, na hakuna kinachopita.

4. Najua siku hizi kila kitu kinarudishwa. Nchi imerudishiwa jina lake la zamani na bendera ya zamani, nami nimepiga makofi, ingawa kwa tahadhari. Lakini maji ya bomba hayajarudi, na wewe mwenyewe umekiri huna hakika kama mshipa utashika. Je, nikibaki na mikono ya maji, mgongo wa maji, na mguu uliokufa ganzi? Nitakuwa chemchemi pekee mtaani kwetu, na majirani watapanga foleni na ndoo.

5. Kwa hiyo naomba uniache nilivyo. Badala ya operesheni, nipe cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba makofi yangu si silaha. Nitakivaa shingoni.

Nisalimie mama watoto wako, Sista Germaine aliyekuwa akinibadilishia shuka bila kununa, na mlinzi wa lango ambaye zamani alikuwa akinisalimu kwa kiwiko.

Wako mwenye mikono mikavu na shati lililolowa,

Faustin Musonda

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Émerance ameisoma barua hii. Alicheka mpaka pale kwenye ndoo, kisha akaikunja barua. Akanikumbusha siku askari walipovunja maduka: «Ile siku basoda balibomoa mangazini, ulinikamata mukono, maji tele, nikajua tuko babili benye woga. Mwezi wa ine ukanikamata na mukono mukavu. Nikaona niko miye moya.» Ni kweli, Docteur. Siku ile ya Aprili niliogopa kuliko yeye, na mkono wangu haukumwambia. Mzee Kalaba naye ametuma habari kwamba siku hizi anaikumbuka sauti ya samaki kwa upendo. Basi nitafika Jumatatu na soksi safi. Chukua mshipa wa mguu wowote unaoutaka. Mkono ukianza kutembea, najua utakwenda kwa nani.