Nyanya Amekubali Kunitukana

Jumatatu, 9 Juni
Mambo mabaya! Mwalimu Nyasuguta, anayesimamia timu yetu ya mdahalo, kaniita baada ya kipindi. Kasema hoja zangu zinashinda za wote hapa Suna, Migori, ila mtu akinigusa kidogo nawaka. Akanikumbusha mdahalo wa Isebania. Isebania! Mpinzani alisema tai yangu imepinda. Ningenyamaza? Kweli nilimaliza muda wangu wote nikiitetea tai, na tukashindwa. Lakini haikuwa imepinda.

Jumamosi tunakwenda Homa Bay. Nikiwaka tena jukwaani, nafasi yangu anapewa Boaz. Boaz hakasiriki kamwe, kwa sababu hasikilizi. Mada: “Hasira ya mtu haibadiliki.” Sisi tunapinga.

Jumanne, 10 Juni
Maktabani nimepata kitabu cha saikolojia kisicho na jalada. Kinasema wapo watu wepesi wa kuumia, ambao huona uadui hata usipokuwepo, halafu hugombana na kila mtu. Nimewahurumia sana watu hao.

Liz wa timu yetu kaniuliza kama nimekula. Kwa nini aulize? Kwa sababu mimi ni mwembamba! Sitaongea naye hadi Jumamosi.

Kitabu kinasema pia kwamba moyo huzoea. Mpango umepatikana. Nitukanwe kila siku mpaka nisisikie chochote.

Jumatano, 11 Juni
Nani wa kunitukana? Boaz angefanya bure, lakini angefurahia. Basi Nyanya Bhoke. Kwetu Wakuria nyanya na mjukuu ni watani. Mimi ni mume wake, na mke ana haki ya kulalamika.

Nyanya kauliza kama nina homa. Nikaahidi kumchotea maji kila jioni. Akaweka chini ungo wa maharagwe, akanikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuwa na haraka.

“Mume wangu, ukisimama kando ya ufagio, mgeni atasalimia ufagio kwanza.”

Nikatoka. Nikazunguka zizi la ng'ombe. Nikarudi. Nikamweleza kwa adabu kwamba uzito wangu ni wa kawaida kwa umri wangu.

“Nimeshinda,” akasema. “Lete maji.”

Ijumaa, 13 Juni
Maendeleo makubwa! Jana Nyanya kalalamika kwamba tangu nimwoe hajaona ng'ombe wa mahari, hata mkia wake. Nilifika nusu ya zizi tu, nikarudi. Leo Mellen, jirani yetu, kaja kuomba chumvi, kasikia, kavuta kigoda, na kaongeza lake kuhusu masikio yangu. Nani alimwalika? Lakini nilitabasamu. Taya bado zinauma.

Shuleni mwalimu kanijaribu. Kasema tai yangu imepinda. Nikasema asante, mwalimu. Boaz uso ulimshuka!

Mimi ni jiwe. Siwezi kukaa. Nimetembea kutoka kitandani hadi mlangoni mpaka baba kauliza kama nachimba barabara. Jiwe halijibu.

Jumamosi, 14 Juni
Homa Bay. Ukumbi umejaa. Mpinzani wa kwanza kauliza kama Migori imeleta msemaji ama fimbo ya kuvulia samaki. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mimi? Nyanya ni mkali kuliko huyo. Nikatoa hoja zangu zote, moja baada ya nyingine. Mwalimu Nyasuguta akaniinulia kidole gumba! Liz akapiga makofi. Nikakaribia kumsamehe.

Ndipo akasimama Hibo, msichana ambaye baba yake anauza vitambaa pale mjini. Mpole. Miwani. Kasema kwamba kabla ya kunipinga angependa kukiri kuwa ndugu yake Nyamhanga, yaani mimi, ametoa hoja nzuri sana.

Nzuri SANA. Naijua ile “sana”. Na “ndugu yake”! Tangu lini?

Zamu ya kufunga upande wetu ilikuwa yangu. Karatasi imejaa hoja mkononi. Sikuifungua. Nilimuuliza Hibo: nzuri kwa nani? Nzuri kuliko nini? Na anacheka nini nyuma ya hiyo miwani? Kengele ikalia nikiwa bado kwenye “sana”.

Hibo akasimama kufunga upande wao. Kasema hana la kuongeza, Mwenyekiti. Kwamba hasira haibadiliki, mpinzani wake ameshaeleza vizuri kuliko yeye.

Makofi. Ya Boaz nayo niliyasikia.

Jumapili, 15 Juni
Boaz ana nafasi yangu mpaka mwalimu aone nimebadilika. Hibo katuma ujumbe kwa simu ya Liz. Anaapa hakunidhihaki. Anaomba nakala ya hoja zangu azisome. Anataka kucheka mwandiko wangu, bila shaka. Liz kasema ningejibu tu asante. Na yeye pia nimeshamjua!

Nimetafakari siku nzima. Kosa nimeligundua: nilijizoeza matusi peke yake. Sasa nisifiwe kila siku mpaka nisisikie chochote. Rahisi! Mwezi ujao nafasi ni yangu tena.

Nyanya kakubali. Kaweka ungo chini. Kanikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Safari hii alichukua muda mrefu zaidi.

“Mume wangu,” akasema, “leo umependeza.”

Leo?

Leo! Na siku nyingine zote?

Nimezunguka zizi mara mbili. Kesho atachota maji mwenyewe.