Tumbo la Asilimia Tano

Endulen,
14 Agosti, 1982.

Ndugu Mwenyekiti,
Jopo la Kupima Ulemavu wa Askari,
Arusha.

Yah: KUPANDISHWA KUTOKA ASILIMIA TANO HADI HAMSINI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na tumbo zima. Langu unalijua, maana mwezi uliopita jopo lako lilikaa Karatu, likalipima na kuliandikia ulemavu wa asilimia tano. Kwa heshima zote nasema mmekosea, na mmekosea vibaya. Aliye chini ya asilimia kumi mnamhesabu mzima, na mzima mmemwamuru aende Qurus tarehe mosi Oktoba kufundisha mgambo miezi mitatu. Nikienda huko nitakufa. Sitanii, Ndugu Mwenyekiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jedwali lenu la ulemavu halina tumbo. Lina vidole, masikio, macho, mpaka meno ya mbele. Mliniambia nionyeshe jeraha. Nikapanua kinywa kadiri nilivyoweza, yule mjumbe mwenye miwani akachungulia, akaandika kwamba hakuna kinachoonekana. Jamani! Kidonda cha tumbo alitaka kimpungie mkono? Nilikwenda vitani na tumbo linalosaga hata mfupa. Nikala biskuti ngumu miezi saba, siku nyingine hata biskuti hakuna, na kila asubuhi nikameza hofu ili wenzangu wasiione. Bonaventura wa Qurus, tuliyekuwa naye kombania moja, alipoteza kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Asilimia kumi na tano! Ni rafiki yangu, sina kinyongo naye, lakini juzi nimemwona harusini anacheza kumshinda bwana harusi.

2. Daktari ameniandikia maziwa vikombe sita kwa siku, kidogo kidogo, bila kukosa. Kwa mtu mwingine hiyo ni dawa rahisi. Mimi bado ni morani, na morani hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika moja, wanywe pamoja. Hiyo ni sheria, nayo ilikuwapo kabla ya jopo lenu. Vitani haikunisumbua kwa sababu maziwa yenyewe hayakuwapo. Tangu nirudi, mwenzangu wa kikombe ni jirani yetu Senteu. Kwa hiyo ugonjwa wangu unahitaji watu wawili. Je, jedwali lenu lina ugonjwa wa watu wawili?

3. Huyo Senteu naye ameumia. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio. Sasa anakunywa vikombe sita vya tiba kila siku bila ugonjwa wowote, na shuka haimtoshi tena. Kuchunga hachungi, maana akifika tu malishoni saa ya kikombe imefika. Mama yake ananiambia nimemharibia mtoto. Na maneno yake, loo! Anaanza habari za ng'ombe wake mwekundu kwenye kikombe cha kwanza, na cha sita kinaisha ng'ombe hajafika mtoni. Nimemchoka, nasema waziwazi. Lakini mwezi wa Mei alipokwenda Sale kutafuta mtamba aliyepotea, nilikaa siku nne bila maziwa, na ya tano nikatapika damu. Mama yangu, Nosim, alisimama mlangoni ameshika kikombe kimejaa, analia, hana ruhusa ya kunipa.

4. Ndama wetu amekonda. Vikombe sita vyangu na sita vya Senteu ni kumi na viwili, na vyote vinatoka kwenye kiwele cha mama wa ndama huyo. Hakupigana vita, nakubali, lakini anaumia kwa ajili ya taifa kama mimi.

5. Huko Qurus hakuna hata mtu mmoja wa rika langu. Ni Wambulu na Wanyiramba, watu wema sana, wakarimu, na maziwa wanayo. Nitayatazama tu. Niliwauliza wazee wetu kama Bonaventura anaweza kuingizwa katika rika langu, wakasema inawezekana, ila ni lazima atahiriwe upya. Nikampelekea habari. Amejibu kwamba alikwishatoa kidole, inatosha.

Basi, hesabu ni hii: tumbo ishirini, Senteu kumi na tano, ndama kumi, machozi ya mama matano. Jumla hamsini. Mkiona ni nyingi, mpunguzeni Senteu, maana mwenyewe ameongezeka.

Nisalimie wajumbe wote, na mwenye miwani umsalimie pia. Mama anawasalimu. Senteu amesoma barua hii begani kwangu tangu mstari wa kwanza, naye anawasalimu, ingawa amenuna.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa sehemu ya tumbo iliyobaki,

Lembris Ngoyai.

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nane ikingoja gari la kwenda Karatu. Katika siku hizo wazee, waliokuwa wametuahidi sherehe ya kututoa umorani mwakani, wameifanya mapema kwa kuogopa ukame. Umorani umekwisha. Sasa naruhusiwa kunywa maziwa peke yangu, mahali popote, hata Qurus. Kwa hiyo namba 2 mpaka 5 zifuteni.

Jana asubuhi mama alinipa kikombe, nikakaa nacho peke yangu kwa mara ya kwanza. Hakikushuka. Nilikitazama mpaka kikapoa, nikajaribu tena, wapi! Hatimaye nikaona aibu, nikatoka nikamwite Senteu. Nilimkuta njiani anakuja kwetu, kikombe chake mkononi, naye kimemshinda.

Asilimia tano inanitosha, na mgambo nitakwenda kuwafundisha. Ila kwenye waranti ya safari andikeni majina mawili.