Mayai Thelathini ya Idara ya Mwendo wa Haraka

INATANGAZWA kwa wananchi wote wa Migori na Homa Bay, pamoja na ng'ombe wao wanaolala barabarani, kwamba kuanzia tarehe mosi Machi 1995 maendeleo hayatachelewa tena. Idara ya Mwendo wa Haraka, baada ya utafiti wa kina uliofanywa wakati wa chai, imegundua kwamba maendeleo huchelewa kwa sababu wakubwa huchelewa, na wakubwa huchelewa kwa sababu magari yao yamezeeka. Kwa hiyo yamenunuliwa magari mawili ya saluni yenye turbo, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ya aina ile ile inayoshinda mashindano ya mbio. Wananchi wanaombwa kufurahi kwa utaratibu.

Tangazo hilo lilipigwa taipu kwa vidole viwili na Stanley Nyangau, Afisa wa Magari, tawi la Migori. Hakuna aliyeyajua magari ya Idara kama yeye. Namba zote alikuwa nazo kichwani, saizi za tairi alizikariri, na bila sahihi yake kwenye karatasi ya safari hakuna gari lililotoka getini, hata likiwa limebeba mgonjwa. Miaka kumi na minne ameikalia kazi hiyo. Kitu kimoja tu kilimshinda, kitu kidogo: Nyangau hakujua kuendesha gari.

Msimcheke haraka. Siku ya kuajiriwa aliulizwa kuhusu breki, akajibu. Akaulizwa kuhusu kabureta, akajibu hadi wazee wa jopo wakamwomba anyamaze. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuendesha, naye hakuona sababu ya kuwasumbua. Hakudanganya, jamani, hakuulizwa! Mkewe Moraa alijua. Dereva wake, Maroa, alishuku, maana kila Nyangau alipoombwa asogeze gari kivulini alishikwa na kikohozi.

Sasa, gari jeupe lilipelekwa Migori kwa Mheshimiwa Barnabas Ogweno, Mkurugenzi wa tawi. La buluu likaenda Homa Bay kwa Mheshimiwa Bichage, mkurugenzi wa huko. Kabla wiki haijaisha, Ogweno alikuwa amesikia kwamba la buluu ndilo bora, na Bichage alikuwa amesikia kwamba la buluu ni takataka na bora ni jeupe. Wakaandikiana barua saba. Ya nane ikaunda Kamati ya Kulinganisha Mbio na Ushikaji wa Barabara.

Kamati ilikuwa na watu tisa na ilikaa mara sita. Kikao cha kwanza kilipitisha mandazi. Cha pili kilijadili tundu lililo juu ya boneti, ambalo wananchi wa Migori walidhani ni sanduku la maoni, wakatumbukiza barua tatu. Injini ilipopata moto maoni yakaungua, na Kamati ikaandika kwamba yameshughulikiwa. Kikao cha sita kikaamua kazi yenyewe ifanywe na Nyangau. Ndivyo tulivyo sisi watu wa ofisini: tukishachoka kujadili, tunamtafuta aliyekaa karibu na mlango.

Nyangau akapanga kupima kati ya Rongo na Homa Bay, Maroa akiendesha, yeye kando na kalamu. Walipofika Rongo na gari jeupe, mama mmoja mnene akasimama mbele yake na trei ya mayai kichwani, akakataa kupisha.

"Mnaenda Homa Bay?"

"Mama, hili ni gari la Serikali," Nyangau akasema. "Liko kwenye majaribio."

"Majaribio ya nini?"

"Ya ushikaji wa barabara."

"Na mnapima na nini?"

Nyangau akaangalia kalamu yake. Hakuwa amefikiria hapo.

"Haya, fungua mlango," mama akasema. Jina lake Bathsheba. Alikuwa amepeleka mayai Homa Bay kwa miaka kumi na miwili, na hakuna gari la njia ile ambalo hakulijua tabia. "Baba, mimi gari sipimi na macho. Napima na mayai. Pikapu ya misheni, yalivunjika matano. Lori ya miwa, kumi na mbili, na moja ikatoka kifaranga analia. Twende, nitakuambia hii yako ni gari ama ni kelele."

Wakaenda. Maroa, mtu wa maneno machache, alikanyaga mafuta, na kwa nukta moja hivi hakukutokea kitu. Halafu filimbi ya turbo ikalia chini ya boneti na Nyangau akahisi kama amesukumwa mgongoni na mtu anayemdai kiti. Kofia ikamtoka. Kona ya kabla ya Rodi waliingia kwa mwendo ambao Nyangau aliuona kwenye kioo cha spidi akafumba macho. Gari halikuyumba. Halikuinama hata kidogo. Lilikata kona ile kama limechorewa mstari, na kila shimo lililokuwa barabarani likapanda hadi kwenye meno ya Nyangau.

"Yesu wa Sabato!" Nyangau akapiga ukelele.

"Tisa," Bathsheba akasema kutoka nyuma.

Siku ya pili walileta la buluu, dereva huyo huyo, mama huyo huyo, trei nyingine. Hili lilikuwa na subira. Turbo yake ilichelewa kuamka, ikaja polepole kama mgeni anayebisha hodi. Kwenye kona lililala ubavu kidogo, likajishikilia chini kwa matairi yote manne, likatoka upande wa pili bila fujo. Lilifika Homa Bay kwa dakika tano zaidi ya jeupe.

"Manne," Bathsheba akasema. "Na moja nilikalia mimi."

Mayai yaliyovunjika yakakaangwa na kuliwa na Kamati kama sehemu ya uchunguzi. Nyangau akaandika ripoti, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaandika ukweli mtupu: jeupe ni la mtu mwenye haraka, la buluu ni la mtu mwenye mgongo. Kwa barabara zetu hizi, la buluu linashinda, mayai manne kwa tisa.

Mheshimiwa Ogweno aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Wewe Nyangau. Unasema gari langu linavunja mayai?"

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni mashimo."

"Nani amekwambia gari linapimwa na mama wa mayai? Wewe mwenyewe uliendesha?"

Nyangau akakohoa. Ogweno akamtazama, na tabasamu likamjia taratibu. Mtu anayetafuta pa kumkamata mwenzake huwa ana tabasamu lake maalumu. "Kaa chini," akasema. "Andika waraka."

Nyangau akapiga taipu alichoamriwa, kwa vidole vile viwili: Siku ya Ulinganisho itafanyika Ijumaa, uwanjani Homa Bay, mbele ya umma. Afisa mwenye mamlaka juu ya magari ya Idara ataendesha yeye mwenyewe, kwa mikono na miguu yake. Asiyeweza atahesabiwa amejiuzulu papo hapo.

"Weka 'maafisa wote,'" Ogweno akaongeza. "'Afisa' peke yake inasikika nyembamba."

Nyangau akaweka "wote." Bichage wa Homa Bay akautia sahihi bila kuusoma, kwa sababu ulikuwa na mhuri. Nakala mia mbili zikabandikwa kila mahali, hadi kwenye mlango wa choo cha stendi.

Hapo ndipo Nyangau alipoogopa kweli. Miaka kumi na minne, nyumba ya Idara yenye bomba ndani, heshima yake kanisani, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye usukani ambao hajawahi kuugeuza. Jumatano alasiri akamwita Maroa nyuma ya ghala.

"Maroa, mimi nina shida."

"Najua, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu kikohozi ya kwanza."

Akamfundisha kwenye pikapu kuukuu ya Idara. Wakaanza na kanyagio la kushoto kabisa, klachi, na hawakutoka hapo. Nyangau alilikanyaga, akaliachilia, gari likaruka likazimika. Akarudia. Alhamisi jioni alikuwa ameizimisha pikapu mara arobaini na moja na kusonga mbele mita sita, tatu kati ya hizo kwa sababu ya mteremko. Maroa hakucheka. Alisema tu, "Bosi, klachi umeijua. Hiyo ingine inataka muda." Nyangau alirudi nyumbani akamwambia Moraa aanze kufunga vyombo.

Ijumaa uwanja ulijaa. Wavuvi walikuja kutoka Rusinga na wachuuzi kutoka Oyugis. Magari mawili yaling'aa kwenye mstari wa chokaa, na ndani ya kila moja, kiti cha nyuma, Bathsheba alikuwa ameweka trei ya mayai thelathini, maana utaratibu ni utaratibu. Nyangau, kama kawaida, alikabidhiwa kipaza sauti kuongoza shughuli.

"Na sasa," Ogweno akanguruma kutoka jukwaani, "Afisa wetu wa Magari, mtaalamu wa mayai, atatuonyesha!"

Nyangau alilitazama gari jeupe. Alifikiria kukohoa. Kisha akaona kwamba amechoka, amechoka kabisa, na kikohozi chenyewe kimechoka.

"Wananchi," akasema kwenye kipaza sauti, "mimi ni Afisa wa Magari na sijui kuendesha gari. Nilianza Jumatano. Nimefika kwenye klachi. Naona aibu, lakini afadhali niseme kuliko niwagonge."

Kicheko kilipasuka hadi ziwani. Alicheka kila mtu, na Nyangau mwenyewe akajikuta anacheka, machozi yakimtoka, maana ukilisikia jambo lenyewe kwenye kipaza sauti ni upuuzi mtupu.

"Mmemsikia!" Ogweno akafoka. "Waraka unasema nini? Amejiuzulu papo hapo!"

"Ngoja kwanza, baba," ikasema sauti ya mama. Bathsheba alikuwa na tabia ya kukusanya nyaraka za Idara na kuzikunja katikati ya mayai, karatasi yao ikiwa nzito na nzuri. Alichomoa moja, akaikunjua, akasoma kwa sauti ya mnadani. "Hapa imeandikwa 'maafisa wote wenye mamlaka juu ya magari.' Wote. Nani ana mamlaka kuliko nyinyi wawili?"

Vichwa vikageukia jukwaani. Halafu mtu nyuma akaanza, "Wote! Wote! Wote!" na watu elfu mbili wakampokea.

Wakurugenzi wakatazamana. Kila mmoja alisubiri mwenzake akatae kwanza, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa, wote wawili wakashuka jukwaani kwa mwendo wa heshima. Bichage alifungua mlango wa nyuma wa gari la buluu kwa mazoea, akaufunga, akaenda mbele. Ogweno akaingia kwenye jeupe. Madereva wakawawashia injini, wakasogea kando.

Bendera ikashuka.

Gari la buluu likatikisika mara moja likazimika. Likawashwa, likazimika. Jeupe lilinguruma ajabu, moshi ukatoka, mawifi na mashemeji wa Ogweno wakapiga vigelegele, filimbi ya turbo ikasikika hadi sokoni, na halikusogea hata unyayo mmoja. Dakika kumi zikapita. Nyangau, ambaye bado alikuwa na kazi ya kuongoza shughuli, alikwenda taratibu hadi kwenye dirisha la jeupe. Kioo kikashuka kidogo. Mheshimiwa Ogweno alikuwa amelowa jasho hadi kwenye tai.

"Nyangau, ndugu yangu," akanong'ona. "Hiki cha kushoto kabisa. Kazi yake ni nini?"

Nyangau aliinama kumjibu kwa adabu, na wakati anainama alikumbuka kwamba mkononi ana kipaza sauti, na kwamba hakukizima. Homa Bay nzima ilikuwa imelisikia swali.

"Hiyo ni klachi, Mheshimiwa," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka hilo pia. "Mimi mwenyewe nimeijua juzi. Inataka muda."

Kilichofuata sitakieleza, maana kicheko hakina mhuri. Madereva waliwatoa wakubwa, na magari yakasukumwa na wananchi hadi kivulini. Bathsheba akafungua milango ya nyuma, akahesabu trei ya kwanza, akahesabu ya pili, akahesabu tena.

"Haijawahi kutokea," akasema. "Yote mazima. Andika, baba."

Nyangau akatoa kalamu. Katika ripoti ya mwisho ya Idara ya Mwendo wa Haraka akaandika kwamba magari yote mawili, yakiendeshwa na wakurugenzi wenyewe, hayakuvunja yai hata moja. Kisha akaipeleka kwa Ogweno na Bichage, mmoja baada ya mwingine, waitie sahihi, nao wakatia bila kuisoma.