Maziwa ya Idara

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma wa Kibiti, Ikwiriri, Mkongo na visiwa vyote vya Mbwera kuwa Ofisi yetu ya Uratibu wa Vivuko vya Delta imetunukiwa cheti cha Ofisi Rafiki kwa Mama Anayenyonyesha. Mimi ndiye katibu wa kamati iliyoleta ushindi huu. Naeleza hapa ulivyopatikana, maana mitaani wameshaanza kupotosha.

Tulianza na Chumba cha Kunyonyeshea. Kina pazia, zulia na picha kubwa ya mkuu wetu wa idara, Bwana Sadallah, akitabasamu. Watoto hawaruhusiwi kuingia. Mlinzi wa getini ana maelekezo kwamba asiye na kitambulisho cha kazi hapiti, na kichanga hana kitambulisho.

Mnufaika alikuwa mmoja, Salama, karani wa leseni za boti. Alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, na mchana bintiye Yasmin hubaki nyumbani Ikwiriri na bibi. Sheria inampa mama saa mbili kila siku za kunyonyesha, na Salama akaomba atoke mapema awahi gari. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikamkubalia saa zake mbili kwa kauli moja: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, ili zisiingiliane na kazi.

"Saa hizo si nipo kwangu, namnyonyesha?" aliuliza Salama. "Mnanipa kilicho changu?"

"Ndiyo maana tumekupa bila masharti," nikamjibu.

Basi akawa anakamua maziwa chumbani, anayahifadhi kwenye friji ya ofisi, jioni anarudi nayo ili bibi amnyweshe mtoto kesho yake. Yasmin maziwa ya kopo hayataki, anayatema yote. Hapo ukazuka ubinafsi: kwenye chupa Salama aliandika jina lake. Bwana Sadallah akatoa waraka. Friji ni ya umma, majina ya watu marufuku, kila kitu kiandikwe jina la idara. Salama akafuta lake, akaandika "Idara ya Vivuko".

Siku ya cheti, makao makuu yalimtuma Mheshimiwa Abdulazizi, mtu mzito, kukagua na kukabidhi. Alikalia kiti cha kunyonyeshea kwa majaribio, akakisifu. Bwana Sadallah akamwita Hafsa, mpishi wetu wa chai.

"Mgeni hanywi chai ya rangi. Tia maziwa."

"Ya dukani yamekwisha, bosi. Yamebaki yale ya chupa."

"Yameandikwaje?"

"Idara ya Vivuko."

"Mkuu wa Idara ya Vivuko ni nani?"

"Ni weye, bosi."

"Sasa unaniuliza nini?"

Hafsa akaenda kuteleka sufuria.

Chai ilikuwa tamu. Mheshimiwa aliongeza kikombe, akauliza ng'ombe wetu analishwa nini. Bwana Sadallah akanywa chake, mimi nami sikujivunga.

Tulikuwa tunakipigia cheti makofi Salama alipoingia na chupa tupu, machozi yanamtoka.

"Nani kamaliza maziwa ya mwanangu? Kesho atashinda na nini?"

Mheshimiwa akatazama kikombe. Bwana Sadallah akatazama waraka wake ukutani. Mimi nikatazama zulia, na nakiri niliona aibu, ingawa haikuwa kwenye ratiba. Hafsa, pale mlangoni, akatuonyesha kwa kidevu mmoja mmoja.

Salama akafuta machozi, akatukagua kwa zamu.

"Kumbe mmenyonya ziwa moja na Yasmin. Haya, nimepata wana wakubwa."

"Hukumu ya undugu wa kunyonya haituhusu watu wazima!" Bwana Sadallah akaruka. "Muulize sheikh yeyote."

"Sheikh simuulizi. Nitawasimulia tu abiria wenzangu kwenye gari la Ikwiriri." Akamsogelea mkuu wetu, akashusha sauti kwa upole. "Sadallah mwanangu, mdogo wako analia njaa. Niruhusu nikamnyonyeshe."

Akaruhusiwa palepale. Tangu siku hiyo hutoka saa mbili kabla ya ofisi kufungwa, kila siku, kwa maandishi, na Mheshimiwa alitia saini yake bila kusoma.

Kamati imekaa tena kwa dharura kupanga itifaki. Kwa kuwa Mheshimiwa ndiye aliyemiminiwa kwanza, ametambuliwa kuwa kifungua mimba. Bwana Sadallah anamfuata, kisha mimi. Mitaani wanasema tulikunywa maziwa ya mtoto. Huo ni upotoshaji. Tulikunywa maziwa ya idara, kwa mujibu wa waraka.

Juzi asubuhi Salama alipoingia, Bwana Sadallah, na mvi zake, aliinuka kitini.

"Shikamoo," ikamtoka.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Salama. "Umekunywa chai?"