Kadi Yangu Imepita Chini ya Gurudumu

Kwa Mwenyekiti Ikegaya-san,
Chama cha Magari Madogo, Shizuoka.

Mheshimiwa,

Majani ya chai yamechipua vizuri mwaka huu, na hasira zangu vilevile. Naandika kwa heshima zote kumhusu hakimu wako, Bi. Makita, aliyelikataa gari langu la plastiki lisiingie kwenye maonyesho ya Jumapili. Gari hilo ni mfano wa pikapu ambayo baba mkwe wangu, Mzee Genzo, alibebea chai tangu ujana wake. Mzee ana miaka tisini na moja, macho yamefifia, na ameshanyoa ndevu kwa ajili ya Jumapili. Sasa nimwambie nini?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi. Makita aliniomba kadi yangu ya jina. Nikaitoa kwa mikono miwili na kuinama kama inavyostahili. Nilipoinuka nikamkuta anaipitisha chini ya gurudumu la mbele kushoto la gari langu, pale mezani. Ikapita! "Sugiura-san," akasema, "haya matatu yamekanyaga, hili linaelea." Mheshimiwa, kadi ya mtu ni mtu mwenyewe. Nimepitishwa chini ya gari langu mbele za watu, na mke wangu akacheka.

2. Magurudumu yaliyokuja kwenye boksi la vipande vya kuunganisha yalikuwa yamezama ndani ya madigadi kama macho ya mgonjwa. Nikachukua ya boksi jingine, nikayapiga msasa kwa nyuma, nikapanua matundu, nikachomeka vipande vya bomba la shaba ili ekseli itulie. Kidole changu hakina ngozi hadi leo. Kazi ya namna hii haiwezi kuelea, kwa hiyo kilichopinda ni meza.

3. Na meza ikiwa imepinda, basi sakafu imepinda, ukumbi umepinda, na hata mlima Fuji tunaouona dirishani umekaa upande. Naomba manispaa iupime mji wote upya kabla ya Jumapili.

4. Bi. Makita naye apimwe. Asimame juu ya kioo, tupitishe kadi chini ya visigino vyake. Kiatu chake cha kulia kimelika, nimekiona.

Nisipopata haki nitajitoa chamani, na birika langu nitaondoka nalo. Mnajua wenyewe kwamba yaliyobaki yote yanavuja.

Nisalimie mama watoto, mweka hazina na mafundi wote wa rangi. Bi. Makita pia, lakini kwa mbali.

Wako mnyenyekevu, mwenye kidole kinachouma,
Sugiura Tetsuo

Baada ya kusaini: Asubuhi hii, kwa kumaliza ubishi tu, nililiweka gari juu ya kioo cha mke wangu, ambacho hakijapinda. Kadi ikapita. Nikakwangua na kupiga msasa mpaka magurudumu yote manne yakakanyaga, nikampelekea mzee. Akalipapasa kwa vidole mpaka gurudumu la mbele kushoto. "Zuri, mwanangu," akasema, "ila si langu. Langu nilitumbukia nalo mtaroni siku ya harusi yangu. Tangu hapo gurudumu la mbele kushoto halikugusa chini tena, na mama yenu hakutaka litengenezwe." Iliniuma sana. Gurudumu nimeshalirudisha juu. Tafadhali chana barua hii, ila umwombe Bi. Makita aje Jumapili na kadi yake, aipitishe mbele ya mzee, na aseme kwa sauti kwamba linaelea.