Mbuzi wa Funguo Saba

Jumapili, 10 Agosti

Nimedanganya. Kidogo tu, na nilikuwa na sababu.

Leo Katunge alinipeleka kwao Mbooni nijulikane. Mzee Kitonga, baba yake, ni mtu mpole. Alinipa chai na nduma, akaniuliza habari za mvua ya Mutomo, nikamwambia hatuna. Shida ni Jonah, kaka mkubwa, mwalimu wa hesabu. Mzee ameshasema: Jonah akikubali, nilete mbuzi watatu wa ntheo, na kuanzia hapo Katunge atakuwa mchumba wangu mbele ya watu wote. Jonah akikataa, mbuzi wabaki Mutomo. Mwaka juzi alimkataa mtu mwenye pikipiki. Mimi nina baiskeli na duka la dawa za mifugo.

Saa nzima Jonah alisahihisha madaftari ya wanafunzi. Kisha nikaona juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, mashine ya gemu ya zamani. Nikauliza ni ya nani. Basi akafunguka! Akaeleza kwamba alipokuwa mtoto alicheza Funguo Saba, ambamo kijana anazunguka dunia akitafuta funguo saba za mlango wa joka. Kwamba sasa imetengenezwa upya, picha mpya, sauti mpya, naye ameshanunua mashine mpya ya kuichezea. Kwamba Mbooni nzima hana mtu wa kuzungumza naye habari hizo. Nikasikia mdomo wangu ukisema hata mimi nililelewa na Funguo Saba.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema Jumamosi nije na gemu yangu kwenye flashi, tufungue mlango wa joka pamoja, tukumbuke utoto.

Utoto wangu ulikuwa Kyuso, nyuma ya mbuzi. Televisheni ilikuwa moja, ya chifu, na ilitumia betri ya gari. Nina siku tano.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango umeanza vizuri. Chege, mwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, alikulia Thika, kwenye umeme. Ni mshindani wangu wa biashara na tabasamu lake silipendi, lakini utoto anao. Nikamwambia kuna mpwa wangu anauliza kuhusu gemu moja ya zamani.

Alizungumza saa nzima. Nyuma ya karatasi ya chanjo ya kuku nimeandika haya: kaseti ikikataa, unaipuliza. Mhunzi akifa, unalia. Mbuzi wa mwanzo unamuuza mji wa kwanza, upate upanga wa chuma. Wimbo wa mlima wa theluji hausahauliki. Alipofika kwenye wimbo akaimba, na macho yakajaa maji. Nilimhurumia. Wakati huohuo wateja wake wawili walivuka wakanunua kwangu, kwa hiyo nikamwomba aimbe tena.

Muindi, mwenye chumba cha gemu pale sokoni, amekubali nicheze kila siku saa sita hadi saa tisa. Mimi nitamchanjia kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Nimecheza. Hii ndiyo watu wanayoililia?

Nchi nzuri sana, majani hadi magotini, na hakuna mtu anayelisha. Kijana mwenyewe hana adabu. Anaingia nyumba za watu bila hodi, anavunja nyungu, anachukua kilichomo. Mimi sikuweza. Nilizunguka kijiji kizima nikisalimia. Mama mmoja alinijibu maneno yaleyale mara tisa, nikamwambia Muindi yule mama ana tatizo la kumbukumbu. Vijana waliokuwa wakingoja zamu ya gemu ya mpira walicheka hadi mmoja akaenda nje.

Lakini mbuzi! Kabla ya safari, mama wa kijana anampa mbuzi wa kubeba mizigo. Nikamtazama anavyotembea. Nyuma amepanuka, hatua fupi, tumbo limeshuka upande wa kulia. Huyu ana mimba. Wenye kutengeneza upya wamemchora sawasawa, na mimi kazi yangu ni hiyo. Mji wa kwanza mfanyabiashara akataka kumnunua kwa upanga wa chuma. Nikakataa. Mtu hauzi mbuzi mwenye mimba kwa mtu wa kwanza anayekutana naye njiani. Nimeendelea na fimbo.

Gemu inaruhusu kumpa jina. Nimemwita Kasyoka. Kyuso nilikuwa na mbuzi wa jina hilo. Jioni wengine wakipotea, yeye alikuwa akirudi nyumbani peke yake, anasimama mlangoni kunisubiri. Sijui kwa nini nimemkumbuka leo.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Kiangazi kimezidi na nyuki wanatafuta maji. Walikuwa kwenye ndoo yangu ya dukani, mmoja akaniuma chini ya jicho. Mimi nyuki hanifai kabisa. Uso wote umevimba. Mteja mmoja aliniuliza mwenye duka yuko wapi.

Nimecheza kwa jicho moja. Chege alipita akanikuta. Hakuuliza mpwa yuko wapi, alikaa tu nyuma yangu akisikitika. Zamani miti ilikuwa vidoa vya kijani, akasema, na ilikuwa mizuri zaidi. Zamani mhunzi hakuwa na sauti, na alikufa vizuri zaidi. Mimi sina zamani, niliona miti tu. Mhunzi alipokufa Chege akanitazama kama nalia. Jicho lilikuwa linatoa maji kwa sababu ya nyuki, akanipiga bega kwa upendo. Sikumsahihisha.

Kisha akamwona Kasyoka, akacheka sana. Akasema gemu ya zamani mbuzi hakuweza hata kuvuka daraja, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumpitisha mji wa kwanza. Nikamwambia mimi si hakuna mtu. Leo Kasyoka amevuka daraja. Nilimshikia kamba polepole, akivuta na mimi nasimama.

Alhamisi, 14 Agosti

Katunge amekuja na gauni la mteja mkononi, yeye ni fundi cherehani. Nikamweleza mpango wote nikidhani atanisifu. Akaniuliza mashine yangu ya utotoni nilinunuliwa na nani. Nikasema mjomba aliyefanya kazi reli. Akasema mwezi uliopita huyo mjomba alikuwa katekista. Nikasema alikuwa vyote viwili.

Aliniambia nimpigie Jonah simu leo, nimwambie ukweli, yaishe. "Wacha uongo, Musembi. Jonah si mtu mbaya, ni mpweke tu." Nikasema sawa. Nampenda sana huyu mtu. Ndiyo maana siwezi kuhatarisha mambo kwa ukweli.

Badala yake nimepata kaseti. Muindi ana sanduku la takataka za zamani, na ndani yake mna kaseti ya kijivu ya Funguo Saba yenyewe! Haifanyi kazi, lakini sihitaji ifanye kazi. Nimeipangusa kwa spiriti ya sindano, nimeifunga kwenye leso. Nitamwambia Jonah nimeihifadhi tangu nikiwa na miaka minane.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefika mlango wa joka. Nina funguo sita na fimbo. Ufunguo wa saba uko kwa joka lenyewe. Kasyoka anapumua kwa nguvu na anakwaruza chini. Siku zake zimefika. Nimempa majani na nimehifadhi gemu kwenye flashi. Muindi ameniuliza kama mbuzi nitamchanja pia. Hajui anachosema.

Uso umerudi kawaida.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Mbooni ilikuwa na ukungu. Jonah alikuwa amevaa sweta jipya, amepanga vikombe viwili na mandazi mbele ya televisheni. Nilitamani kurudi nyumbani. Badala yake nikamkabidhi kaseti. Akafungua leso. Akaipuliza. Akaigeuza. Chini, kwa rangi nyeupe, pameandikwa MUINDI DARASA LA SITA.

Sikuwa nimegeuza. Siku mbili nayo, na sikugeuza!

Jonah akaniuliza Muindi ni nani. Nikasema ni jina langu la utani. Katunge alikuwa mlangoni na birika, akarudi jikoni bila kumimina chai.

Jonah akaiweka kaseti mezani. Akachomeka flashi kwenye mashine yake mpya. Akamwona Kasyoka, akasogea mbele hadi magoti yakagusa meza. Akauliza mbuzi anafanya nini mlangoni mwa joka. Nikasema anataka kuzaa. Wakati huohuo joka likatoka, na Kasyoka akalala chini nyuma ya jiwe. Jonah akaniambia nipige. Nikamwambia ngoja. Akapaza sauti kwamba tutakufa. Nikamwambia Mwalimu, joka litakuwepo, huyu anazaa sasa. Nikaliacha joka nikaenda kusimama upande wa upepo, nimkinge mbuzi. Tukaungua mara moja.

Tulikufa. Lakini skrini haikuzima. Moto ukaisha, na nyuma ya jiwe akasimama Kasyoka na watoto wawili, bado wamelowa. Joka likawanusa. Likaweka ufunguo wa saba chini, likaondoka. Kasyoka akauchukua kwa mdomo, akaanza kutembea, nchi yote ile, daraja, mlima wa theluji, wimbo ule wa Chege ukipigwa polepole, hadi kwenye mlango wa mama wa kijana. Akasimama pale akisubiri.

Safari hii mimi nililia, na sikuwa nimeumwa na nyuki.

Jonah alivua miwani akaifuta kwa sweta. Alisema amecheza gemu hii miaka ishirini na saba, na kila mara alimuuza yule mbuzi siku ya kwanza, kwa sababu kila mtu alimuuza. Kisha akasema, bila hasira, kwamba mtu aliyelelewa na Funguo Saba asingemwacha. Nikamwambia yote. Kyuso, betri ya chifu, Kasyoka wa kweli, mpwa ambaye hayupo.

Alinisikiliza hadi chai ikaja. Akasema nilete mbuzi. Akaongeza kwamba watatu hao niwachague mimi mwenyewe, asiwachague mtu mwingine. Na nisiwahi kudanganya katika nyumba hii tena. Nikaahidi kwa mkono kwenye Biblia ya mama yake Katunge, bila kuombwa. Katunge alinimiminia chai hadi ikamwagika kwenye sahani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala kwao, tumeenda kanisani pamoja. Nimekaa upande wa familia. Nimejifunza kwamba ukweli ni kitu kizuri sana, na nilimwambia Katunge hivyo njiani.

Baada ya chakula Mzee Kitonga alinichukua nyuma ya nyumba kunionyesha mizinga yake ya nyuki, kumi na minne. Alisema mwili umechoka. Jonah anaogopa nyuki, na yeye anaomba Mungu ampe mkwe wa kumwachia kazi hii. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mizinga wala si mimi. Uzee una upweke wake pia.

Nikamwambia nimekulia kwenye mizinga.

Amefurahi sana. Tunarina asali Jumamosi ijayo, mimi na yeye tu, na amesema watu waliozoea kama sisi hawahitaji kujifunika uso.

Nimempigia Chege simu. Nimemwambia kuna mpwa wangu anauliza kuhusu nyuki.