Nafasi ya Kwanza kwenye Mashine ya Dobi

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu Kijiko sasa hivi amekipiga kiazi kwa kijiko chake. Kiazi kimeruka meza, kimeruka redio, kimetua ndani ya kiatu cha baba yake. Hom rani, pigo la kuvuka uzio! Ana mwaka mmoja na miezi mitano, hajui kusema kiatu, lakini gongo la kupigia mpira analijua. Nimelia kidogo kwa furaha. Baba yake hakulia kwa furaha.

Sasa habari yenyewe. Kwa Dobi, ninakopiga pasi, kuna mashine ya gemu ya besiboli kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo. Ya zamani, kubwa kama kabati. Wachezaji wana vichwa vya tikiti maji, na mrushaji akikasirika mpira unawaka moto. Mimi ni mpenzi wa besiboli ya kweli, ya redioni. Najua mpira hauwaki moto. Lakini ukibofya kile kitufe chekundu kwa wakati wake, mpira ukapaa juu ya uzio, matikiti yote yakarukaruka... jamani! Wafanyakazi tunaruhusiwa mchezo mmoja kwa siku, saa ya chakula.

Leo Dobi katangaza. Ana tiketi ya ziada ya Jumapili, fainali ya besiboli, timu ya Kunguru inacheza. Kunguru wangu! Nimewashangilia tangu sijaota meno ya utu uzima, na uwanjani sijakanyaga hata mara moja. Atakayekuwa wa kwanza kwenye orodha ya alama za mashine Jumamosi saa kumi na moja, mlango wa chuma ukishuka, tiketi ni yake. Halafu akasema kitu kirefu kuhusu waya wa mashine. Sikusikiliza. Nilikuwa naitazama tiketi.

Wa kwanza kwa sasa ni wifi, dada wa mume wangu, anayepokea nguo pale kaunta. Alama 41. Mimi 33. Wifi hajui hata Kunguru wanavaa rangi gani. Anasema yeye anabofya tu.

Anabofya tu!

Jumanne, tarehe 5

Mpango. Kijiko huja nami kazini, na mtu hawezi kucheza huku mtoto amemng'ang'ania. Asubuhi nimetia biskuti kwenye mfuko wa aproni ya wifi, nikamnong'oneza Kijiko aende kwa shangazi, akapekue. Akapata. Nikarudia mara kumi na mbili. Kufika saa sita, akimwona wifi tu anakimbia mikono juu. Akili za mtoto huyu! Kazitoa kwangu.

Wifi kacheza na Kijiko kiunoni, mkono mmoja. Alama 46. Kijiko akapiga makofi. Wifi akaniambia mtoto huyu ana nyota, wifi yangu, niletee kila siku.

Mimi 29. Pakiti mbili za biskuti zimekwisha.

Jumatano, tarehe 6

Nimemwomba Mungu amtie wifi kipele kwenye kidole gumba. Kidogo, kisicho na usaha, mpaka Jumapili tu. Saa nne kipele kimetoka. Puani kwangu! Ama huko juu wanachanganya majina, ama wifi aliwahi kuomba kabla yangu.

Alama 35.

Alhamisi, tarehe 7

Wanga! Ndoo nzima ya wanga wa kukazia kola iko chini ya meza yangu, na nimekuwa nikihangaika na Mungu. Wifi hucheza kwanza kila siku. Saa sita kasorobo nimetia matone matatu chini ya kitufe chekundu.

Saa sita wifi akasema leo ana foleni ya wateja, nianze mimi. Nikasema hapana, wewe mkubwa, tangulia. Akasema acha heshima za ghafla, cheza. Dobi akasimama kutazama. Nikacheza. Kitufe kilishuka, hakikupanda tena. Alama 4.

Dobi akauliza nani katia wanga kwenye mashine. Nikasema huenda ni unyevunyevu. Akautazama mkono wa blauzi yangu, umesimama wenyewe kama ubao.

Wifi ndiye aliyekisafisha kitufe, kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu. Hakunisema. Aliniuliza tu hii tiketi naitakia nini hasa. Nikamweleza. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akinipakata mbele ya redio, ananihesabia mipira kwa vidole vyangu, anasema siku moja tutakwenda tuuone uwanja kwa macho. Hatukwenda. Wifi akaendelea kusugua. Kisha akasema, basi shinda. Ila mimi sikupunguzii hata alama moja.

Jeuri! Lakini nimempenda kidogo.

Ijumaa, tarehe 8

48!

Narudia, arobaini na nane! Kijiko alikuwa mapajani, katulia, kijiko mdomoni. Vituo vyote vitatu vya kukimbilia vina watu wangu. Mrushaji kakasirika, mpira unawaka moto. Sikufumba macho. Nikabofya. Ukapaa, ukavuka uzio, ukavuka na kioo nadhani. Matikiti yote yakarudi kituo cha nyumbani yanarukaruka. Wateja wakashangilia. Mmoja akasahau suruali yake.

Wifi kapata 45. Akanipa mkono. Akasema kesho ipo.

Kesho ipo! Kauli gani hiyo ya kumwambia mtu mwenye furaha? Saa kumi na moja, wenzangu wakiwa mlangoni, nimeuchomoa waya wa mashine ukutani. Kesho mashine inaumwa. Asipocheza hatanipita. Mama mwenye akili hajiachi.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi nimemwambia kila mtu nilisikia harufu ya kuungua, tusiiguse mashine, tuna watoto. Wifi akanitazama mpaka nikakunja shati moja mara nne.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Dobi kaja kuona ugonjwa. Kauona waya chini. Kaurudisha ukutani. Mashine ikawaka, ikaimba, ikaleta orodha.

Tupu! Hakuna mimi, hakuna wifi, sifuri toka juu mpaka chini. Dobi akasema si alituambia Jumatatu, ukichomoa waya inasahau kila kitu? Kumbe ndicho kile kitu kirefu!

Wifi akaniita mchawi wa umeme. Nikamwambia ushahidi uko wapi. Muda ulibaki wa mchezo mmoja tu, tukaanza kugombania nani acheze. Tukiwa tumeshikana aproni, tukasikia wimbo wa hom rani. Kijiko kasimama juu ya kapu la nguo chafu, anakipiga kitufe chekundu kwa kijiko. Alama 1. Mashine ikauliza jina, akapigapiga, ikaandika AAA. Mlango wa chuma ukashuka.

Dobi ana msimamo. Akasema bingwa ni Kijiko. Na kwa kuwa mtoto anaingia bure akipakatwa, tiketi ni ya atakayempakata, na bingwa mwenyewe atachagua. Nikapiga magoti. Nikamwita kwa majina yote, hata yale ya tumboni. Wifi hakumwita. Alitia tu mkono kwenye mfuko wa aproni.

Kijiko akakimbia mikono juu. Kwa wifi.

Jumapili, tarehe 10

Nimesikiliza nyumbani, kwa redio. Kunguru wameshinda! Katikati ya mchezo mtangazaji akasema kuna mtoto anapiga chuma cha uzio kwa kijiko, na jukwaa zima limefuata mdundo wake. Nikaibusu redio. Baba Kijiko akasema haya, angalau mmoja wetu amefika.

Wamerudi jua bado lipo. Wifi ana mkwaruzo kwenye kiwiko. Kaniwekea mkononi mpira wa kweli, una doa la majani. Anasema ulikuja jukwaani, akaulalia mbele ya wanaume wanne. Akasema huu ni wa baba yako.

Nimeulilia mpira. Nimemkumbatia wifi. Nimeapa mbele yake, hila basi. Mimi na hila ndiyo mwisho.

Ila Dobi amesema msimu ujao kutakuwa na tiketi nyingine, masharti yaleyale. Na nikifikiria vizuri, kuchomoa waya halikuwa kosa. Kosa ni saa. Ukichomoa mwenyewe, ukarudisha mwenyewe, ukacheza wa kwanza, kuna ubaya gani? Kijiko nimeshaanza kumfundisha upya, biskuti zinatoka kwa mama tu. Pakiti nne nimezificha pahali ambapo wifi hawezi kamwe... Huyo ananiita kutoka jikoni. Anasema nije nimweleze kwa nini ndani ya birika la chai kuna